Taka za Nyumba ya Kinyozi Pyo

Sunim aliamka saa kumi na moja alfajiri. Hakuamshwa na saa wala jogoo. Aliamshwa na mgongo. Mgongo ule ulimwuma wakati ule ule kila siku, na Sunim alikuwa ameacha kulalamika, maana hakuwapo wa kumsikiliza.

Kwanza alikwenda chumbani kwa baba mkwe wake. Mzee Pyo alikuwa macho, amelala chali, anatazama dari. Miaka miwili nyuma alipata kiharusi. Upande wake wa kushoto ulikufa ganzi. Mkono wa kulia ulibaki mzima. Ulimi nao ulibaki mzima, tena mkali.

"Umelalaje, baba?" Sunim aliuliza.

"Mimi nimelala vizuri, mwanangu. Mbu ndio hawajalala."

Sunim alitabasamu. Alimgeuza ubavu, akamsafisha, akambadilisha pampasi. Zilikuwa pampasi za watu wazima, nene, na zikilowa huwa nzito sana. Mzee alibadilishwa mara sita kwa siku.

Baada ya hapo ikaja kazi ambayo hakuna aliyemtuma. Sunim alichukua gazeti, akaizungushia ile pampasi. Akachukua mfuko mweusi wa sokoni, akaitia humo, akafunga fundo. Akatia kwenye mfuko mweusi mwingine, akafunga fundo la pili. Ndipo akaiweka ndani ya mfuko wa manispaa uliokuwa karibu na mlango.

Katika mji ule, kila nyumba hununua mifuko ya taka dukani. Bei ya mfuko ndiyo malipo ya kuzolewa taka. Mwenye taka nyingi hununua mifuko mingi. Mwenye taka chache hununua michache. Taka iliyotupwa nje ya mfuko huo haizolewi, na mwenyewe akijulikana hupigwa faini.

Shida ya Sunim ni kwamba mfuko wenyewe unaonyesha. Ukiuweka nje jioni, kila apitaye anaona ulichotupa. Na mtaa wa Neulmok ulikuwa na macho.

Mzee Pyo alikuwa kinyozi wa mtaa huo kwa miaka arobaini. Alikata nywele za mabwana harusi. Alinyoa vijana waliokuwa wakienda jeshini, huku mama zao wakilia mlangoni. Siku zote alivaa shati jeupe lililopigwa pasi. Siku alipotolewa hospitalini, mwanawe Taesik, mume wa Sunim, alimwambia mkewe jambo moja tu. "Mtaa usijue." Sunim hakulisahau. Ndiyo maana ya gazeti. Ndiyo maana ya mifuko miwili myeusi. Na ndiyo maana mfuko wa manispaa unaoweza kubeba pampasi kumi na tano ulikuwa ukijaa kwa pampasi nane.

Alinawa mikono. Akajaza chupa ya chai ya shayiri, akaiweka upande wa kulia wa mzee, karibu na dirisha, mahali mkono wake mzima ulipofika. Kisha akaenda kazini. Alikuwa mwosha vyombo katika mgahawa wa supu mwisho wa kichochoro. Mwenye mgahawa alimruhusu kukimbia nyumbani saa nne na saa nane, kumwangalia mzee. Alikimbia kweli, na mapovu ya sabuni mikononi.

*

Jioni moja ya mwezi wa nane, joto lilikuwa halivumiliki. Taesik alirudi kutoka kiwanda cha matofali akiwa amejaa vumbi hadi kwenye kope. Alikaa chini kula. Wali, supu ya soya, na kimchi, kabichi iliyochachushwa kwa chumvi na pilipili. Kabla hajashika kijiko, aliona mifuko mipya ya manispaa juu ya rafu.

"Mifuko tena? Si umenunua juzi tu?"

"Juzi ni juzi."

"Mama Hyeri, ile ilikuwa mifuko ishirini. Mnatupa nini humu ndani, matofali?" Taesik alimwita kwa jina la mtoto wao, aliyekuwa akiishi mbali.

Sunim angenyamaza, mambo yangepita. Lakini alikuwa amesimama tangu alfajiri. Alikuwa ameosha mabakuli mia tatu. Maneno yalimtoka kabla hajayapima.

"Matofali unayajua wewe! Hiyo mifuko ni baba! Mfuko mzima ni baba, na unaofuata ni baba! Taka zetu sisi wawili hazijai hata kofia. Bila yeye tungetumia mfuko mmoja kwa juma. Unataka nifanyeje? Nizile?"

Nyuma ya mlango wa karatasi wa chumba cha mzee kulikuwa na redio. Ilikuwa ikisoma habari za barabara. Ghafla ikazimwa.

Taesik aliutazama mlango. Sunim naye akautazama. Walimaliza wali wao kimyakimya, na Sunim akaosha vyombo vya nyumbani, baada ya kuosha vya mgahawa mchana kutwa.

*

Siku zilizofuata zilimpa Sunim ahueni asiyoitegemea. Pampasi zilipungua. Kutoka sita zikawa tano. Kutoka tano zikawa nne, kisha tatu. Saa nane akikimbia nyumbani, anakuta ile ya saa nne bado kavu. Anaiacha, anarudi kazini.

Alishukuru. Alidhani ni pampasi zenyewe, kwa kuwa alikuwa amebadilisha aina. Chupa ya chai aliikuta tupu kila jioni, kwa hiyo hakuwa na wasiwasi. Kweli, mzee alikuwa amepunguza utani. Alilala zaidi. Lakini kwa joto lile nani hakulala?

Hata hivyo, mifuko bado ilikuwa ikiisha. Sunim alitia kila kitu humo. Makopo, pakiti za tambi, maganda ya mayai, maganda ya matikiti yakiwa na maji yake. Zamani alijua kutenga taka. Lakini kutenga kunataka mtu mwenye nafasi ya kufikiri, na yeye nafasi hiyo hakuwa nayo.

Siku moja aliona boksi tupu barazani. Dada yake Taesik alikuwa amewatumia mapichi kutoka shamba. Lilikuwa boksi zuri, gumu, lenye kamba. Sunim alilitazama kwa muda. Kisha akapanga ndani yake pampasi tisa, zikiwa na magazeti yake na mifuko yake myeusi. Akaziba kwa gundi ya utepe. Akafunga kamba. Akalibeba hadi kwenye nguzo ya umeme, mahali watu wanapoweka maboksi ya kuchukuliwa bure.

"Mtu atalichukua," alijiambia. Hakujiuliza ni mtu gani.

*

Kesho yake saa kumi jioni, geti lilipigwa teke.

"Mama Hyeri! Toka nje! Toka uchukue mapichi yako!"

Alikuwa Bibi Malsun. Mtaa mzima ulimjua. Alikuwa na miaka sabini na minne, mgongo umepinda, kofia pana kichwani. Kila siku aliokota maboksi na kuyavuta kwa mkokoteni hadi kwenye duka la skrepa, na huko alilipwa kwa kilo. Hiyo ndiyo ilikuwa riziki yake. Sasa alisimama getini na mkokoteni wake, na juu ya mkokoteni lilikuwa boksi la mapichi, limelowa chini, limefumuka pembeni.

Sunim, aliyekuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka mgahawani, alifungua geti.

"Shikamoo, bibi. Kuna nini?"

"Unaniuliza mimi kuna nini? Nimeokota tangu saa kumi na moja. Kilo sitini! Nimefika kwa mwenye skrepa, nimepandisha mzigo kwenye mizani, boksi linadondosha maji. Kalifungua mbele ya vijana wake wote. Wamecheka mpaka wakakaa chini. 'Bibi, siku hizi unatuletea zawadi?' Na mzigo mzima ameukataa. Anasema umelowa, unanuka. Kilo sitini, Mama Hyeri!"

"Umejuaje kama ni letu?" Sunim aliuliza. Mara ile ile alitamani alimeze lile swali.

Bibi Malsun aligonga boksi kwa kidole. Juu yake kulikuwa na karatasi ya msafirishaji wa vifurushi. Jina la Taesik. Namba ya nyumba. Namba ya simu.

"Mwizi gani huyu anaacha kitambulisho mezani?"

Dirisha la jirani likafunguliwa. Kisha la pili.

"Bibi, nakuomba, sauti."

"Sauti yangu ndiyo inakusumbua? Na harufu yako je?"

Sunim alifungua mdomo kuomba radhi. Badala yake alikaa kwenye ngazi ya mlango na kulia. Aibu ilikuwepo, lakini hakulia kwa aibu. Alilia kwa uchovu, ule wa miaka miwili, na alilia vibaya, kwa sauti, kamasi zikimtoka.

Bibi Malsun alimtazama. Hasira haikumwisha, ila alishusha sauti.

"Nani anazivaa?"

"Baba."

"Baba yupi? Kinyozi Pyo?"

Sunim alitikisa kichwa kukubali.

Bibi Malsun aliivua kofia. "Alikuja hospitalini kumnyoa mume wangu, juma lile la mwisho," alisema. "Sikumwita. Alikuja mwenyewe na wembe wake, na hela hakuchukua. Nipishe."

*

Bibi Malsun alivua viatu akaingia moja kwa moja chumbani kwa mzee.

"Kinyozi! Unalala mchana kama tajiri!"

Mzee Pyo alifumbua macho. Alichukua muda kumtambua. "Malsun," alisema taratibu. Ulimi ulikuwa ukimgandia mdomoni. "Nywele hizo... nani kakukata? Panya?"

Sunim alicheka huku anafuta machozi. Bibi Malsun hakucheka. Alikuwa akitazama midomo ya mzee. Ilikuwa imekauka na kupasuka. Alimshika mkono, akaibana ngozi kwa vidole viwili, akaiachia. Ngozi haikurudi. Ilibaki imesimama.

"Umembadilisha saa ngapi?"

"Saa nne. Saa nane niliangalia, ilikuwa kavu, nikaiacha."

"Na sasa ni saa kumi. Angalia."

Sunim akaangalia. Ilikuwa kavu bado, na ile alama ndogo iliyokuwapo ilikuwa ya rangi ya kahawia.

"Siku hizi hazilowi sana," Sunim alisema. "Nilidhani..."

"Ulidhani nafuu? Mimi nilimwuguza mume wangu miaka mitatu. Mzee akiacha kukojoa, hiyo siyo nafuu. Anakunywa maji?"

"Anakunywa! Chai ya shayiri, chupa nzima kila siku. Tazama, hiyo hapo, tupu."

Bibi Malsun aliitazama chupa. Kisha akatazama dirishani. Pale palikuwa na mpilipili kwenye chungu, karibu na mkono wa kulia wa mzee. Majani yake yalikuwa ya njano, yameanguka. Udongo ulikuwa tope. Kisahani cha chini kilijaa maji ya rangi ya chai. Alichovya kidole, akanusa.

"Tangu lini mpilipili unakunywa chai ya shayiri?"

Mzee Pyo alifumba macho.

"Baba?" Sunim aliita. "Baba, kwa nini?"

Alijibu akiwa amefumba macho hivyo hivyo. "Nisipokunywa, mfuko haujai."

Sunim alisikia maneno yake mwenyewe ya jioni ile. Aliyasikia yote, moja baada ya jingine, pamoja na redio ilivyozimwa. Majuma mawili alikuwa akifurahia pampasi kavu. Majuma mawili mzee alikuwa akijikausha kitandani, hatua tatu kutoka jikoni kwake. Alipiga magoti, akaushika ule mkono wenye ngozi iliyosimama.

"Utalia baadaye," Bibi Malsun alisema. "Ita gari la wagonjwa."

*

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Alisema mwili wa mzee umekaukiwa maji. Alisema njia ya mkojo imeshambuliwa na ugonjwa, na homa imeanza.

"Mngechelewa siku mbili tatu, figo zisingevumilia," alisema. "Mtu mzima wa umri huu anahitaji kunywa kidogo kidogo mchana kutwa. Msingoje aseme ana kiu. Wazee wengi hawaisikii kiu, na wengine wanaificha. Na pampasi ikikaa kavu kwa saa sita, msishangilie. Mleteni."

Taesik alifika na vumbi lake la matofali. Sunim alimweleza yote, hata boksi, hata mpilipili. Taesik aligeukia ukuta wa hospitali, akalia.

Mzee alitundikiwa dripu. Alikaa hospitalini siku saba.

*

Siku ya pili, Sunim aliporudi nyumbani kuoga, alimkuta Bibi Malsun barazani amevaa glavu za mpira.

"Leta mfuko wako wa taka."

"Bibi, leo sina nguvu."

"Mimi je, ninazo? Leta. Na turubai."

Alitandaza turubai, akaumwaga mfuko mzima. Sunim aliona haya. Bibi Malsun hakujali. Alikuwa ameona taka za mtaa mzima.

"Hili nini?"

"Kopo."

"Kopo linachukuliwa bure. Chupa bure. Pakiti za tambi bure, zikisuuzwa. Boksi la maziwa suuza, likunjue, likauke. Unanunua mfuko, halafu unautia vitu ambavyo wangekuchukulia bure. Hela zimekuwasha?"

Lundo la kwanza likaenda pembeni. Lilikuwa karibu nusu ya mfuko.

"Na hili?"

"Ganda la tikiti. Ni makombo. Ndoo ya makombo nayo inalipiwa kwa stika ya kubandika juu yake, kwa hiyo nikaona ni yale yale."

"Inalipiwa, ndiyo, lakini kwa bei ndogo. Ila usilipie maji. Makombo yachuje kwenye chujio usiku kucha. Tikiti likate vipande, lianike. Kimchi iliyochacha isuuze chumvi, ikamue. Ndoo uliyokuwa unaijaza kwa siku mbili itakaa siku nne."

"Na maganda ya mayai? Hayo nayo ndoo ya makombo?"

"Makombo yanakwenda kuwa chakula cha mifugo. Wewe jiulize tu, nguruwe atakula? Ganda la yai, mfupa, ganda la chaza, ganda la kitunguu saumu, hatakula. Hayo mfuko wa manispaa."

Mwishoni zilibaki pampasi. Bibi Malsun alikata mafundo ya mifuko myeusi, moja moja, akatoa magazeti. Yale magazeti na mifuko peke yake yalifanya lundo kubwa kuliko pampasi.

"Tazama unanunulia nini nafasi. Unanunulia aibu. Pampasi iviringe hivi, kutoka mbele kwenda nyuma, ibane, ifunge kwa utepe wake yenyewe. Imekwisha. Na usikanyage mfuko kwa mguu wala usijenge mnara wa taka juu yake kwa utepe. Ukifika kwenye mstari uliochorwa mfukoni, funga. Ukipita mstari wanauacha."

"Lakini mfuko unaonyesha, bibi."

"Unaonyesha nini? Kwamba una mzee na unamtunza? Nyumba tatu za kichochoro hiki zina pampasi za wakubwa. Mimi ndiye ninayeyajua maboksi yao. Unadhani uko peke yako?"

Sunim hakujua. Miaka miwili hakujua.

"Na mifuko kumi ya kila mwezi huichukui kwa nini?"

"Mifuko kumi ipi?"

Bibi Malsun alivua glavu moja, akajipiga paji la uso. "Tangazo limebandikwa kwenye nguzo. Ile ile nguzo uliyoniwekea mapichi. Nyumba yenye mgonjwa wa pampasi inapewa mifuko kumi bure na ofisi ya kata. Sharti ukajiandikishe."

Sunim alitaka kumlipa zile kilo sitini. Bibi Malsun alikataa hela. Alitaka maboksi ya mgahawa wa supu, kila juma, makavu, yamekunjuliwa, utepe na karatasi za anwani zimebanduliwa. Mwenye mgahawa alikubali siku hiyo hiyo.

*

Lililobaki ni ofisi ya kata. Taesik alisita. Walilizungumza siku mzee aliporudi nyumbani, na safari hii walilizungumza mlango ukiwa wazi.

"Nitaandika jina la baba kwenye fomu," Taesik alisema. "Na sababu nitaandika. Ofisa mwenyewe alikatwa nywele na baba akiwa mtoto. Nitamtazamaje?"

"Leta muhuri wangu," mzee alisema kutoka kitandani.

"Baba, si lazima..."

"Taesik, mimi nimeshika vichwa vya watu miaka arobaini. Nimeona vidonda, chawa, mapunye, upara uliofichwa chini ya kofia. Sikumtangaza mtu, na hakuna aliyekufa kwa kuonwa. Mimi ndiye niliyetaka kufa kwa kutotaka kuonwa. Leta muhuri."

Sunim aliuleta, ule mdogo wa mti wenye jina la mzee, unaopigwa mahali pa saini. Mzee aliupigisha mwenyewe kwenye fomu kwa mkono wa kulia. Aliukandamiza sana, hata wino ukavuka mstari.

Ofisa wa ustawi wa jamii alisoma cheti cha daktari, akapiga muhuri wake, akahesabu mifuko kumi. Hakucheka wala hakunong'ona.

"Mngekuja mapema," alisema. "Hapa kwetu ni mifuko kumi. Kwingine wana utaratibu wao. Lakini watu wengi hawaulizi, Mama Hyeri. Wanabaki kuhangaika." Alimsogezea mifuko. "Msalimie mzee. Mwambie nywele zangu hazijapata kinyozi tangu alipofunga duka lake."

*

Sunim aliendelea kuamka saa kumi na moja. Mgongo uliendelea kuuma. Kazi haikupungua, iliongezeka. Sasa Taesik alimpa mzee kikombe cha kwanza kabla ya kwenda kiwandani, na Sunim alimpa vingine saa nne, saa nane na jioni, akikaa pale pale hadi kikombe kiishe. Mzee alinung'unika kwamba amekuwa ng'ombe wa kunyweshwa. Alikunywa.

Lakini mifuko waliyonunua kwa hela yao ilipungua hadi mmoja tu kwa juma. Mingine ilikuwa ile ya kata. Makopo na chupa vilikwenda bure. Ndoo ya makombo iliacha kunuka.

Jioni moja mwishoni mwa mwezi wa tisa, jua likiwa bado juu ya mapaa, Sunim alitoka na mfuko umejaa hadi kwenye mstari. Haukuwa na gazeti wala mfuko mweusi ndani yake. Pampasi zilionekana zote, zimeviringwa, zimepangwa. Jirani aliyekuwa akifagia alimsalimia, akaendelea kufagia.

Bibi Malsun alikuwa kwenye nguzo na mkokoteni wake. Alipomwona Sunim anaburuza miguu, alimpokea mfuko. Akashtuka kwa uzito wake. Akaushika kwa mikono miwili.

"Umechoka?" aliuliza.

"Nimechoka, bibi. Leo nimembadilisha mara saba."

"Saba?"

"Saba."

Bibi Malsun aliuweka mfuko chini taratibu. Akautazama, akamtazama Sunim, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane akacheka hadi ufizi ukaonekana.

"Mwache anywe," alisema. "Mwache anywe kabisa."